MAJI YA UVUGUVUGU HOSPITALINI: KWA NINI TUNAYAOGOPA



Ndugu wanaouguza wagonjwa wao hospitalini hutuletea mara nyingi malalamiko mawili. La kwanza: kwa nini maji ya moto katika tangi la hospitali yanapashwa hadi yanaunguza, wakati mgonjwa anahitaji maji ya uvuguvugu tu? La pili: kwa nini kila wiki mhudumu anapita katika vyumba visivyo na wagonjwa, anafungua koki na kuacha maji yatiririke, wakati huko nyumbani akina mama wanaamka alfajiri kutafuta ndoo moja? Wengine hutuambia waziwazi kwamba tunachezea umeme, kuni na maji.

Malalamiko hayo ni ya haki, na yote mawili yana jibu moja. Yupo adui mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye anapenda maji ya uvuguvugu yaliyotulia. Jina lake ni Legionela. Mtu mwenye afya nzuri anaweza kukutana naye asidhurike. Lakini mgonjwa aliyekuja hospitalini kutibiwa kitu kingine anaweza kumvuta kifuani bafuni na akafa kwa kichomi. Mwezi huu tunaeleza adui huyu anaishi wapi, anazuiwaje, na familia inaweza kufanya nini.

ALIJULIKANAJE?

Mwezi Julai mwaka 1976 wanachama wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani wa Marekani, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Ulikuwa mwaka wa nchi yao kutimiza miaka 200 ya uhuru. Siku chache baadaye wengi wao wakashikwa na homa kali, kikohozi na kichomi. Kwa jumla watu 221 waliugua na 34 walifariki. Wengine kati yao hawakuwa wajumbe wa mkutano kabisa, ila walikuwa hotelini au walipita karibu yake.

Wataalamu walitafuta sumu, wasiipate. Wakatafuta virusi vya mafua, wasivipate. Ilipofika Januari 1977 ndipo Joseph McDade na Charles Shepard, wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, walipotangaza kwamba wamempata mkosaji. Alikuwa bakteria ambaye sayansi ilikuwa haijamtambua kuwa chanzo cha ugonjwa. Akapewa jina la Legionela kwa sababu ya chama kile.

Hata hivyo hakuwa mgeni duniani. Damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu zamani ilipopimwa, ilionekana kwamba kichomi kilichozuka mwaka 1965 katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington kilitokana na bakteria huyohuyo. Alikuwapo siku zote, ila hakuna aliyejua namna ya kumtafuta.

ANAISHI WAPI, NA ANAINGIAJE MWILINI?

Legionela huishi katika maji na udongo mbichi. Katika mto au ziwa huwa wachache, na hawatusumbui. Shida huanza wanapoingia katika matangi na mabomba yetu. Ukipitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa siku nyingi na maji utasikia utelezi. Utelezi kama huo hujijenga pia ndani ya bomba na chini ya tangi, pamoja na kutu, mashapo na chokaa ngumu. Humo ndimo Legionela wanapojificha.

Wanayo maficho mengine ya ajabu zaidi. Katika utelezi huo huishi amiba, viumbe vidogo ambavyo kazi yao ni kula bakteria. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja wa Leeds, Uingereza, Timothy Rowbotham, alionyesha kwamba Legionela akimezwa na amiba hasagwi. Anakaa ndani yake, anazaana, kisha anampasua na kutoka na wenzake wengi. Akiwa ndani ya amiba, hata klorini haimfikii kwa urahisi.

Ujanja huohuo anaufanya katika mapafu yetu. Mwili una askari wake ambao humeza vijidudu na kuviangamiza. Askari hao wakimmeza Legionela, anageuza tumbo lao kuwa nyumba yake. Ndiyo maana watu ambao askari wao wamechoka huumizwa zaidi: wazee, wavutaji sigara, wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, wenye kisukari, wenye saratani, wenye virusi vya ukimwi ambao kinga yao imeshuka, na wale waliobadilishiwa figo.

Kwa kawaida ugonjwa huu haupatikani kwa kunywa maji, bali kwa kuyavuta kifuani. Bomba la mvua linapofunguliwa, au koki inapogonga sinki kwa nguvu, matone madogo sana huruka hewani kama ukungu. Mtu akivuta ukungu ule wenye Legionela, wanafika mapafuni. Njia ya pili ni kupaliwa: mgonjwa dhaifu anakunywa maji, na badala ya kwenda tumboni yanapita njia ya hewa.

Tena ugonjwa huu hauambukizwi kwa kawaida kutoka mtu kwa mtu. Tangu mwaka 1976 hadi leo limeandikwa tukio moja tu linalodhaniwa kuwa la namna hiyo, huko Ureno mwaka 2014. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa wala kuogopa kumhudumia. Tunachopaswa kukikagua ni maji.

KWA NINI HOSPITALI HASA?

Hospitali inakusanya mahali pamoja mambo yote ambayo Legionela anayapenda. Ina matangi makubwa. Ina mabomba marefu yanayopinda kutoka wodi hadi wodi. Ina vyumba vinavyokaa bila mgonjwa kwa majuma. Majengo huongezwa mwaka hadi mwaka. Bafu likihamishwa, kipande cha bomba la zamani hubaki ukutani kikiwa na maji yasiyokwenda popote. Na zaidi ya hayo, wanaooga humo ni wale wenye kinga dhaifu kuliko watu wote.

Jambo hili lilionekana wazi katika hospitali ya wanajeshi wa zamani mjini Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1982 Janet Stout, Victor Yu na wenzao walichapisha taarifa kwamba Legionela alikuwa amejaa katika maji ya hospitali hiyo, ambako wagonjwa walikuwa wakipata kichomi chake mara kwa mara. Alikuwa katika koki, katika mabomba ya mvua, na chini ya matangi ya maji ya moto. Tangu hapo wauguzi na madaktari wa dunia nzima wamelazimika kuyatazama mabomba yao kwa jicho jingine. Nchini Marekani, kati ya watu kumi wanaougua ugonjwa huu, mmoja hivi hufariki. Lakini kati ya wanaoupatia hospitalini, ni mmoja katika kila wanne.

SILAHA YA KWANZA NI JOTO

Sasa tuje kwenye lalamiko la kwanza. Hebu tazameni jinsi joto linavyomtendea Legionela. Tunahesabu kwa nyuzi za Sentigredi.

Chini ya nyuzi 20 analala. Hafi, lakini hazaani.

Kati ya nyuzi 20 na 45 anazaana, na anastawi zaidi karibu na joto la mwili wa binadamu.

Kwenye nyuzi 50 anaanza kufa polepole. Yachukua saa mbili hivi kuua tisa kati ya kila kumi.

Kwenye nyuzi 60 idadi ileile hufa kwa dakika mbili tu.

Kwenye nyuzi 70 hufa kwa muda wa sekunde.

Hapo ndipo penye hatari ya uvuguvugu. Maji ya nyuzi 38 au 40, yale ambayo mgonjwa anayasifu kwamba ni mazuri, ndiyo yanayomfaa Legionela pia. Ukiyaweka hivyo ndani ya tangi usiku na mchana, unamfugia adui.

Kwa sababu hiyo kanuni inayofuatwa na hospitali nyingi duniani ni hii: maji ya moto yahifadhiwe yakiwa na nyuzi 60 au zaidi, na yanapofika kwenye koki ya mbali kabisa yawe hayajashuka chini ya nyuzi 50. Waingereza wanataka katika hospitali yasishuke chini ya 55, na yafikie joto hilo ndani ya dakika moja tangu koki ifunguliwe. Maji ya baridi nayo yabaki chini ya nyuzi 20.

Hilo la mwisho ni rahisi kwa Ulaya, lakini kwetu si rahisi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, maji yaliyo katika simtanki jeusi juu ya paa hupita nyuzi 25 bila kuwashiwa moto wowote. Kwa hiyo sisi wa nchi za joto tunapaswa kuyatazama hata yale tunayoyaita maji ya baridi. Tangi liwe na kivuli na mfuniko unaobana. Lisiwe kubwa kupita mahitaji, ili maji yasikae siku nyingi. Na kiasi cha klorini kipimwe.

JE, HAYATAUNGUZA WATU?

Yataunguza, tena vibaya. Ngozi ya mtu mzima ikikutana na maji ya nyuzi 60 hupata kidonda kirefu kwa sekunde tano hivi. Kwa nyuzi 70 ni kama sekunde moja. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni laini na huungua upesi zaidi. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hatasikia kitu mpaka ngozi itoke.

Hapa wauguzi tumewekwa kati ya moto na vijidudu. Kwa kuogopa kuunguza watu, au kwa kubana gharama, zipo hospitali katika nchi mbalimbali zilizopunguza joto la matangi yake, na Legionela akapata nafasi. Jibu sahihi ni kutenganisha mambo mawili: tangi liwe na joto kali, na maji ya baridi yachanganywe mwishoni kabisa, karibu na mtu anayeoga. Ipo vali maalumu ya kuchanganyia ambayo huzuia maji ya bomba la mvua yasipite nyuzi 41 hivi. Vali hiyo ifungwe karibu sana na koki, kwa sababu kipande cha bomba kinachofuata baada yake kina maji ya uvuguvugu. Kikiwa kirefu, tumemjengea Legionela nyumba mpya.

Mahali pasipo na vali, kazi hiyo ni ya mikono yetu. Anza kila mara na maji ya baridi katika beseni, halafu ongeza ya moto, koroga, na pima kwa kiwiko kabla ya kumgusa mgonjwa. Mtoto asiachwe peke yake karibu na koki ya maji ya moto hata kwa dakika moja. Tukiona mama anaosha mtoto moja kwa moja chini ya koki hiyo, tunamzuia, naye asituone wakali.

SILAHA YA PILI: MAJI YASILALE

Lalamiko la pili lilihusu kumwaga maji. Bomba ambalo halifunguliwi hupoa hadi kufikia uvuguvugu na kubaki hapo. Klorini iliyokuwamo inapotea, utelezi unaongezeka, na Legionela anazaana. Chumba kikikaa wiki mbili bila mtu, mgonjwa wa kwanza kufungua bomba la mvua ndiye atakayepokea mzigo wote usoni.

Ndiyo sababu kila koki isiyotumika inafunguliwa angalau mara moja kwa wiki, ya moto na ya baridi, kwa dakika kadhaa. Mwaka 2020, majengo mengi duniani yalipofungwa kwa ajili ya korona, wataalamu wa afya walitoa onyo hilohilo: kabla ya kuwarudisha watu katika shule, hoteli na ofisi, maji yaliyolala mabombani yatolewe kwanza.

Kazi hii ina namna yake. Mhudumu hafungui koki kwa nguvu, ili asirushe ukungu. Kichwa cha bomba la mvua hukiteremsha ndani ya ndoo na kukifunika kwa kitambaa, au hukifungua kabisa. Dirisha huachwa wazi, naye hutoka nje maji yakitiririka. Maji yenyewe si lazima yapotee: yakikingwa katika ndoo yanaweza kumwagwa taratibu kwenye mashina ya migomba na miti, bila kunyunyizwa.

Mabomba mafu, yale yasiyokwenda popote, dawa yake ni kuyakata. Fundi bomba asiridhike kuziba mwisho na kuacha kipande kirefu ukutani. Akate pale pale lilipoungana na bomba kuu. Anayefanya hivyo ameokoa maisha ingawa hakuna atakayemshukuru.

SILAHA YA TATU: USAFI WA TANGI NA DAWA

Tangi la maji ya moto huota chokaa na mashapo chini. Tabaka hilo huzuia joto, hivyo juu maji yanaweza kuwa na nyuzi 60 na chini yakawa na 35. Kwa hiyo tangi hufunguliwa chini na kuondolewa uchafu kwa ratiba, na vichwa vya mabomba ya mvua hufunguliwa, kukwanguliwa chokaa na kulowekwa katika dawa.

Ikigundulika kwamba Legionela ameshaingia, njia mojawapo ni kupandisha joto la tangi hadi nyuzi 70 au zaidi, kisha kufungua koki zote moja baada ya nyingine ili maji makali yapite kila mahali. Siku hiyo wagonjwa hawaruhusiwi kugusa maji. Njia nyingine ni kuongeza klorini, ingawa katika maji ya moto klorini hupungua haraka. Zipo pia hospitali zinazotumia mtambo wa kutia majini chembe kidogo sana za shaba na fedha, ambazo huua bakteria.

Lakini mtambo si mlinzi wa kuaminiwa ukalala usingizi. Turudi Pittsburgh. Hospitali ileile iliyoufundisha ulimwengu mwaka 1982 ilikuja kufungiwa mtambo wa shaba na fedha. Miaka ya 2011 na 2012 Legionela akarudi. Watu 22 waliugua kwa uhakika au kwa dalili kubwa kwamba waliupatia hapo, na 6 kati yao wakafariki. Wachunguzi walipochukua sampuli mahali 25, bakteria aliota katika zote isipokuwa 2. Na walipopima shaba na fedha, walikuta kiasi kilichoagizwa na watengenezaji kimefikiwa, tena pengine kimezidi. Mtambo ulikuwa unatoa dawa yake, na Legionela alikuwa anaishi.

Fundisho letu ni kwamba hakuna silaha moja inayotosha, na haitoshi kuuliza kama mtambo unawaka. Joto lipimwe kwa kipimajoto katika koki ya mbali, tarehe na namba viandikwe daftarini, na pale uwezo unaporuhusu maji yenyewe yapelekwe maabara. Daftari la koki ni la thamani sawa na daftari la dawa.

TUSISAHAU CHUPA NA MASHINE

Wako wagonjwa ambao hawaogi kabisa, lakini wanavuta ukungu mchana kutwa. Mgonjwa anayepewa oksijeni huwekewa chupa ya maji ya kulainisha hewa. Mwenye pumu huvutishwa dawa kwa mashine ya ukungu. Chupa hizo zikijazwa maji ya bomba, tunampelekea adui moja kwa moja mapafuni.

Mwishoni mwa mwaka 2008, katika hospitali moja binafsi nchini Cyprus, mashine ya kutia unyevu hewani iliwekwa katika chumba cha watoto wachanga ikajazwa maji ya bomba. Kati ya watoto 32 waliokuwa humo, 9 waliambukizwa, na 3 wakafa. Walikuwa watoto waliozaliwa wametimiza miezi yao.

Kwa hiyo kanuni haina mjadala: katika chupa ya oksijeni na mashine ya ukungu hutiwa maji yaliyotakaswa kwa ajili hiyo, hubadilishwa kwa ratiba, na chupa huoshwa na kukaushwa. Ndugu wa mgonjwa, ukiona maji ya chupa yamepungua, tafadhali usijaze mwenyewe kwa wema. Mwite muuguzi.

Na tunaotahadhari si kwa ajili ya wagonjwa peke yao. Agosti 2022, katika hospitali moja binafsi mjini San Miguel de Tucumán, Argentina, kichomi kisichojulikana kiliwapata watu wengi kwa mfululizo. Kwanza watu walidhani ni ugonjwa mpya. Kumbe alikuwa Legionela. Kufikia tarehe 3 Septemba wagonjwa walikuwa 11 na 4 walikuwa wamefariki. Wengi wa waliougua walikuwa wafanyakazi wa afya.

DALILI NA MATIBABU

Dalili huanza kwa kawaida siku 2 hadi 10 baada ya kuvuta ukungu wenye vijidudu, na pengine huchelewa hadi wiki mbili au kidogo zaidi. Mgonjwa hupata homa kali na kutetemeka, kichwa kuuma, misuli kuuma, kikohozi kikavu, kubanwa na pumzi. Wengine huharisha. Wazee hupoteza fahamu kidogo, wakaongea maneno yasiyoeleweka.

Mtaona kwamba mwanzo wake unafanana na malaria. Pimeni malaria, ndiyo. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, na mtu anapumua haraka, msiishie kununua vidonge dukani. Mrudisheni hospitalini siku hiyohiyo. Kichomi kingi tunachokiona husababishwa na vijidudu vingine, wala hatusemi kila kikohozi ni Legionela. Na anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu.

Jambo la kukumbuka ni hili: penisilini na amoksilini, dawa ambazo watu hujinunulia wenyewe, hazimwezi Legionela, kwa kuwa anajificha ndani ya seli za mwili. Zinahitajika dawa zinazoingia humo, kama azithromisini, levofloksasini, doksisaiklini au erithromisini, na daktari ndiye anayechagua. Zikianza mapema, wengi hupona. Kwa hiyo mwambieni daktari bila kuulizwa: mgonjwa alilazwa wapi, au alilala katika hoteli au hosteli gani, katika wiki mbili zilizopita. Habari hiyo inaweza kubadili dawa anayopewa.

NYUMBANI, SHULENI NA KATIKA HOSTELI

Familia inayochemsha maji jikoni na kuoga kwa ndoo siku ileile haina sababu ya kuhangaika. Wanaopaswa kujihadhari ni wenye matangi, hita na mabomba ya mvua: shule za bweni, hosteli, nyumba za wageni za parokia, na nyumba zilizofungiwa hita za jua. Tunashauri hivi:

1. Hita inayohifadhi maji iwekwe nyuzi 60. Hita ya jua hushuka siku za mawingu. Iwe na umeme au moto wa kuisaidia kufikisha joto hilo.

2. Kabla wageni au wanafunzi hawajarudi kutoka likizo, fungueni kila koki na kila bomba la mvua kwa dakika kadhaa, kwa namna tuliyoeleza hapo juu.

3. Simtanki lifunikwe, lipate kivuli, na lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka.

4. Vichwa vya mabomba ya mvua vifunguliwe na kukwanguliwa chokaa. Vikishaota kutu, vibadilishwe.

5. Bomba lisilotumika likatwe.

6. Wekeni maandishi makubwa ukutani: MAJI HAYA YANAUNGUZA, ANZA NA BARIDI.

7. Mvutaji sigara aache. Mapafu yake yameshapoteza sehemu ya ulinzi kabla adui hajafika.

Na mkija kumwona mgonjwa, msisite kutuuliza: maji haya yamepimwa lini? Muuguzi anayejua kazi yake atafurahi kulifungua daftari na kuwaonyesha. Asiyekuwa na daftari atalazimika kuanza nalo. Kamati za afya za parokia nazo, zinapochangisha fedha za jengo jipya, zikumbuke kununua kipimajoto cha maji. Ni kifaa cha bei ndogo, na usipoziba ufa utajenga ukuta.